Uliza Fundi: Simu ya Vitufe Isiyofungwa, Nichukue Ipi?

SWALI: Fundi, habari za saa hizi. Kazi yangu ni kuandika, kutwa niko kwa simu, na hizi skrini za kugusa zinanikosesha kila neno. Binamu yangu arudi kutoka Ujerumani, kanambia nichague simu anibebee. Nataka yenye kibodi ya vitufe, tena ya opensosi, yaani programu zake ziko wazi kwa yeyote, nisifungwe na Google. Nimebaki na tatu: PinePhone na kibodi yake, F(x)tec Pro1-X, na Unihertz Titan Pocket.
Msomaji, Kisauni

JIBU: Ndugu yangu, kwanza nambie, hio itakua simu yako ya pekee ama ya pili? Manake jibu lote liko hapo.

Kwa uwazi PinePhone yazishinda zote, ni Linux tupu, mfumo usiomilikiwa na kampuni moja, leo wachomeka memori kadi yenye postmarketOS, aina moja ya Linux, yawaka nayo, kesho waweka kadi ya Ubuntu Touch, aina nyengine, na mfumo ulio ndani ya simu haujaguswa. Fungua kifuniko cha nyuma utakuta viswichi vidogo sita, maiki, kamera, modemu, wazima kwa ncha ya kalamu na imezimika kweli, si mambo ya kuomba ruhusa kwa setingi. Betri ni saizi moja na ya Samsung J7, kwa hivo mjini hukosi. Kibodi nayo ni keshi inayokaa mahali pa kifuniko, ina betri yake ya mAh 6000, ukiikunjua wapata kilaptop cha mkononi. Ila chunga sana: ikiwa imevaa kibodi, chaji kwa tundu la kibodi tu, ukichomeka waya kwa simu yenyewe waeza kuiunguza.

Sasa shida. Chipu ni Allwinner A64, RAM ni GB 2 au 3, yaani yajikokota. WhatsApp itabidi uipitishe kwa Waydroid, ile inayoendesha Android ndani ya Linux, na kwa RAM hio utangoja mpaka ukasirike. M-Pesa usitegemee menyu ya laini, utapiga *334#, na konda wa matatu ya Bamburi hana subira ya mtu anayeristati simu. Kama simu ya pili, ya kuchezea na kujifunza, ichukue hata leo. Kama ya pekee, hapana.

Titan Pocket ni kinyume chake, skrini inchi 3.1, vitufe chini mtindo wa BlackBerry, WhatsApp na M-Pesa hazina neno, lakini ni Android 11 na Google yake yote ndani, na wewe wamkimbia huyo huyo.

Mi ningechukua Pro1-X. Kibodi yatoka ubavuni, safu tano, waandika kwa vidole gumba viwili bila kuangalia, butiloda, ile programu inayowasha mfumo, yafunguka na LineageOS, Android isiyokuja na Google, yaingia, programu nyingi za Android zafanya kazi hata usipoweka Google. Lakini usiagize mtandaoni na kulipa kabla! Hii ilichangishiwa pesa 2020, wakabadilisha chipu kutoka Snapdragon 835 hadi 662, watu wakaanza kuzipata 2022. Binamu atafute ya mkono wa pili, aishike, aifungue na kuifunga, apige simu nayo, ndo atoe pesa. Skrini pia aikague vizuri, hapa fundi wa kukuuzia nyengine simjui.

Na kwa vile yatoka Ujerumani, aangalie vitufe visiwe QWERTZ, kule Y na Z zimebadilishana mahali, na wewe kutwa ni ya na za.