Kabla hujabadilisha tairi, angalia unapokanyaga

Mkuu, umeuliza kwa nini pikipiki inakushinda kuipandisha kwenye tela mvua ikinyesha, na kama ununue tairi zenye meno makubwa. Tairi ziache kwanza. Mimi nabeba pikipiki mbovu kutoka vijiji vya Matombo nazileta kwa mafundi Morogoro mjini, na masika nzima zinakuja zimejaa ule udongo mwekundu wa milima ya Uluguru. Anayeteleza wa kwanza ni msukumaji. Mguu ukishaondoka, hata tairi jipya halikusaidii.

Rampu yangu ya mwanzo, yaani kile kipandio kinachoegemezwa kwenye tela, ilikuwa bati tupu lililopakwa rangi. Siku moja nimefika katikati, buti likateleza, nikakamata breki ya mbele. Gurudumu likajifunga kweli, lakini likaserereka kurudi chini vilevile, pikipiki ikanilalia mguu. Kifundo kilivimba wiki mbili. Kwenye mwinuko uzito unahamia nyuma, mbele kunabaki kwepesi, kwa hiyo breki ya mbele haina cha kung'ang'ania. Siku hizi nikisukuma injini ikiwa imezimwa naweka gia ya kwanza na kushika klachi. Nikiona nazidiwa naiachia, gurudumu la nyuma linajifunga.

Rampu niliyonayo sasa fundi wa kuchomelea alinipigia vipande vya nondo ya milimita 10 kwa upana, kila baada ya sentimita 15. Tairi linapita bila kugonga sana, na buti linapata pa kuegemea. Muhimu zaidi, tulitengeneza njia mbili, moja ya pikipiki na nyingine yangu ya kutembea pembeni, nayo ina nondo vilevile. Watu wengi wanaweka ubao mmoja wa tairi, wenyewe wanaruka kutoka ardhini hadi kwenye tela. Hapo ndipo pikipiki zinapoangukia.

Kama rampu yako ni ya mbao, paka rangi ya mafuta, mwagia mchanga mkavu uliochekechwa ikiwa bado mbichi, ikikauka fagia uliolegea, kisha paka mkono wa pili mwepesi. Inashika vizuri, ila tairi linapopita pataisha mapema na utarudia. Wavu wa kuku sikushauri: ukikatika, ncha zake zinatoboa tairi.

Urefu nao usiudharau. Pikipiki ya kilo 120, sakafu ya tela ikiwa sentimita 75 kutoka ardhini: kwa rampu ya mita 2 inakuvuta kurudi chini kama kilo 45. Kwa rampu ya mita 3 ni kilo 30. Mwanaume mmoja anaimudu hiyo ya pili.

Halafu funga rampu kwenye tela kwa kulabu au mnyororo. Ukipandisha injini ikiwaka, gurudumu la nyuma linaisukuma rampu kurudi nyuma, na isiposhikwa inachomoka juu wewe ukiwa katikati. Tela nalo liwe limefungwa kwenye gari, magurudumu yamewekewa mawe, la sivyo uzito ukifika nyuma mdomo wake unanyanyuka.

Sakafuni nimelaza mpira wa mkanda wa kiwandani niliouziwa kama chakavu. Ukiukosa, waone wale wanaotengeneza katambuga, viatu vya tairi, wakuuzie vipande vipana vya tairi la lori. Ufunge kwa bolti zenye washa pana, vichwa vizame ndani ya mpira, na utoboe bati matundu maji yatoke, kwa sababu mpira wenye tope juu yake unateleza kuliko bati. Oili ikimwagika osha kwa sabuni ya unga siku hiyohiyo.

Nipe kimo cha sakafu ya tela lako kutoka ardhini, nikukadirie urefu wa rampu kabla hujanunua chuma.