Bibi, watoto wawili na theluji ya Sapporo

SWALI: Kamwene Shangazi. Baba watoto yuko masomoni Sapporo, Japani. Februari anataka twende kuona tamasha la sanamu za theluji: mimi, watoto wa miaka 9 na 5, na mama mkwe ambaye goti moja linamsumbua. Mama mkwe anasema mtu wa Makete hatishwi na baridi, nguo zetu za Julai zinatosha. Nifungashe nini? Na bibi nimwache?
Mama Wawili, Njombe

JIBU: Kamwene sana, mwanangu. Mkweo namwelewa, maana hata mimi nilijidai hivyo hivyo. Nimekulia Mbeya, nimelala Kitulo mwezi wa saba, nikaamka majani yote meupe kwa sakitu. Basi nilipokwenda Sapporo nikamvika mwanangu wa mwisho suruali mbili za jinsi, moja juu ya nyingine, na soksi za pamba jozi tatu. Akateleza kwenye theluji nusu saa tu. Suruali zikalowa, kisha zikakakamaa kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa. Mtoto akawa anatembea miguu haikunjiki, analia, nami nimembeba mgongoni naulizia choo chenye joto.

Sakitu yetu saa tatu asubuhi imeshakwisha. Theluji ya kule haiondoki, na usiku wa Februari huwa nyuzi 6 au 7 chini ya sifuri. Lakini kilichomtesa mwanangu hasa ni maji. Kwa hiyo usihangaike na nguo nzito, hangaika na nguo kavu. Ndani taiti na fulana za sufu au nailoni, katikati sweta, nje suruali na koti visivyopitisha maji. Nenda kwenye mitumba, Mwanjelwa kwetu huku yapo, utafute yale makoti ya theluji ambayo bodaboda wanayagombania. Mzula kila mmoja, glovu jozi mbili kila mtoto. Koti moja kubwa la kuziba kila kitu usinunue: madukani na kwenye treni kuna joto, utatokwa jasho, ukitoka nje jasho hilo ndilo litakalokugandisha.

Ukifika, mwambie baba watoto awanunulie vile vipakiti vya kuweka mfukoni. Ndani mna unga wa chuma. Ukifungua, hewa inaingia, chuma kinashika kutu, na kushika kutu huko hutoa joto kwa saa nyingi. Mama yangu alidhani ni uchawi.

Bibi mchukue. Cha kuogopa ni utelezi wa njiani, si baridi. Atembee hatua fupi, mguu mzima chini, kama anavyopita kwenye tope la Tukuyu mwezi wa nne. Kwenye vivuko vingi kuna masanduku ya changarawe, unamwaga mbele yake, hakuna atakayekushangaa. Tena kutoka stesheni ya Sapporo hadi Odori, kwenye tamasha lenyewe, kuna njia ya chini ya ardhi iliyofunguliwa 2011, pakavu, pana joto. Mama yangu alishinda humo anakunywa chai, akipanda juu dakika kumi kumi.

Odori ni bustani ndefu katikati ya jiji, na kuingia ni bure. Wanafunzi wa sekondari ndio walioanzisha tamasha, mwaka 1950, kwa sanamu 6. Mwaka 1955 wanajeshi wakaingia na sanamu kubwa kubwa, na siku hizi nyingine hufika mita 15 hivi. Waeleze watoto kabla hamjaondoka jinsi zinavyotengenezwa, wataangalia kwa macho mengine: theluji huletwa kwa malori, hushindiliwa ndani ya mbao kama tofali kwenye kalibu, mbao zikitolewa wanachonga kwa sepetu na shoka, kuanzia juu kushuka chini. Mwanangu mkubwa alisimama mbele ya ukuta mmoja akitafuta alama za sepetu mpaka nikamvuta mkono.

Viza ya Japani anza kuifuatilia sasa, ubalozi uko Dar. Na tiketi iwe ya siku za mwanzo. Tamasha likiisha, kesho yake makatapila hubomoa sanamu zote zisije zikamwangukia mtu. Sisi tulifika Odori asubuhi hiyo kuaga, tukakuta chuma kinang'oa kichwa cha sanamu aliyoipenda mdogo. Alinuna mpaka uwanja wa ndege.