Deni ni la nani?

SWALI: Shikamoo mshauri. Nasoma mwaka wa pili wa shahada ya sheria hapa Dar es Salaam. Vifungu vya Sheria ya Makampuni ninavikariri, lakini nikipewa tatizo kwenye mtihani sijui pa kuanzia. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya kutafuta kifungu, jiulize deni ni la nani. Soma hukumu ya kesi ya mfanyabiashara Salomon yenyewe, si muhtasari wa wenzako. Mtengenezaji huyo wa viatu wa London aliiuzia kampuni biashara yake mwaka 1892, akabaki na hisa 20,001 kati ya 20,007, huku mkewe na watoto wake watano wakipata moja moja. Kampuni ilipofilisika, Mahakama ya Rufani ilimtwisha madeni, lakini Mabwana wa Bunge la Uingereza (House of Lords), waliokuwa mahakama ya juu kabisa huko, wakatengua uamuzi huo, wakisema kampuni iliyosajiliwa ipasavyo ni mtu mwingine kabisa kisheria.

Kisha linganisha na ubia, ambao kwetu haumo katika Sheria ya Makampuni (Sura ya 212) bali katika Sheria ya Mikataba (Sura ya 345), na huko ndiko wanafunzi wengi wanakosahau kutazama. Chukua wanawake wawili wenye duka la vitenge Kariakoo, wanaodaiwa shilingi 5,000,000 na msambazaji. Andika jibu mara mbili: kwanza wakiwa wabia, ambapo hata nyumba zao zinaweza kuguswa, kisha wakiwa wenye hisa katika kampuni, waliokwisha kulipia hisa zao na wasioidhamini kampuni, ambapo deni ni la kampuni yenyewe. Fanya hivyo kila wiki, kwa kalamu na karatasi.