Banio letu lifungwe kiangazi

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: maji ya mto mkubwa yagawanywe vipi ili na wa chini wapate? Nalima mpunga Mbarali, juu ya Ruaha Mkuu, kwa hiyo mimi ndiye yule wa juu anayelaumiwa. Na lawama nyingine ni za haki.

Zamani banio letu, yaani kizuizi cha mtoni kinachogeuza maji yaingie mferejini, lilikuwa la magogo, mawe na majani. Mafuriko yakilibomoa tulijenga upya, na hata likiwa zima lilivuja. Maji yale yaliyovuja ndiyo yaliyowafikia wenzetu wa chini. Kisha tukajengewa banio la zege lenye lango la chuma, kwa nia njema kabisa ya kuokoa maji. Hilo halivuji. Kiangazi linaweza kuumeza mto wote, na huku kwetu, bonde la Usangu, mabanio ya namna hiyo ni mengi. Tangu 1993 Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, hukatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, chini yetu, viboko wakabanana kwenye madimbwi ya tope.

Wapo wanaodhani dawa ni kuhamisha watu. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Usangu, na 2008 eneo kubwa likaingizwa Hifadhi ya Ruaha. Mto haukuacha kukauka.

Njooni Septemba muuone mfereji wetu. Mpunga tulishavuna, lakini lango li wazi, kwa sababu kina mama wa kijiji cha mwisho huchota humo maji ya kunywa. Kinachowafikia ni mchirizi wa upana wa kiganja, umejaa alama za kwato. Mengine yote yamenywewa na udongo na jua. Mto mzima kwa ajili ya ndoo chache! Wachimbiwe visima vya pampu, nasi tufunge banio mavuno yakiisha.

Halafu kibali cha kutumia maji. Chetu kinataja lita kwa sekunde, masika na kiangazi sawasawa. Kitaje fungu: mto ukipungua, kila mmoja apungukiwe.

Sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inatambua bodi za mabonde na jumuiya za watumia maji, na jumuiya yetu hupanga zamu vizuri tu, lakini kati yetu wa juu. Sijawahi kumwona mvuvi wa bwawa la Mtera, huko chini mtoni, wala askari wa hifadhi kikaoni. Waje. Tunakutana chini ya mwembe, hatua chache kutoka banioni, na lango linaonekana limeinuliwa kiasi gani.