Tulikwenda kupima maji, tukarudi na majina ya watu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mwanza aliniandikia kwamba yeye na wenzake wanajiandaa kuchora ramani ya visima na vyoo vya mtaa wao, akaniuliza kama kuna ubaya wowote wa kuweka kwenye dodoso jina na namba ya simu ya mwenye nyumba, "endapo zitahitajika baadaye". Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili nikashindwa, kwa sababu maneno hayo hayo niliwahi kuyasema mimi mwenyewe.

Mwaka 2018, baada ya mvua za Aprili, niliongoza kikundi cha vijana tisa tuliopita nyumba kwa nyumba katika bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, tukijaza kwenye simu maji yalifika wapi ukutani. Sitaficha kwamba kazi ile najivunia mpaka leo, kwani vichochoro ambavyo havikuwahi kuonekana kwenye ramani yoyote tuliviingiza kwa mikono yetu OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuihariri. Lakini wakazi wa bonde lile walikuwa hawajasahau alama nyekundu za X zilizochorwa kwenye nyumba za kubomolewa na bomoabomoa iliyoanza Desemba 2015, hivyo kila mlango uliofunguliwa ulitupokea kwa swali moja: mmekuja kubomoa? Tuliwaapia kwamba tunapima maji tu. Kisha tukawauliza majina, namba za simu, idadi ya wanaolala ndani, na kama baba yupo.

Jedwali lilitumwa kwenye kundi letu la WhatsApp ili tusahihishe makosa, na kutoka hapo likasafiri nisikokujua. Hazikupita siku nyingi, madalali wakaanza kuwapigia watu wakiwataja kwa majina, wakiwahimiza wauze upesi kabla hawajavunjiwa. Mama mmoja mjane, aliyekuwa ametutolea mkeka na chai, alinipigia. Nilimwamkia, naye badala ya kuitikia akasema, "Mwanangu, mliniambia mnapima maji," kisha akakata simu. Nimekwenda kwake mara mbili tangu hapo na mara zote nimeambiwa hayupo.

Kwa hiyo ninyi mnaotamani, kama nilivyotamani mimi, mitaa yenu ionekane, someni dodoso lenu safu kwa safu kabla hamjatoka. Ramani ya mafuriko inahitaji mahali na kimo cha maji. Jina la mjane halizuii maji kupanda. Safu isiyo na kazi ikishajazwa itatunzwa, na ikitunzwa ipo siku itatoka. Hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo mahususi na zisizidi lengo hilo, ingawa sisi tulipaswa kulijua jambo hilo bila kungoja sheria.

Tena msidhani kuondoa jina kunatosha. Nukta ya GPS, yaani namba mbili za mahali zinazorekodiwa na simu, ikiandikwa kwa desimali tano hutaja mahali hadi kiwango cha takriban mita moja, yaani karibu na mlango wenyewe; majibu ya kaya yanapochapishwa, bakizeni desimali tatu, ambazo ni kama mita 110. Katika bonde lililosongamana hapo patakuwa na nyumba nyingi, lakini kijijini huenda ikawa nyumba moja, na hapo ni heri kujumlisha kwa kitongoji kizima. Picha nazo mara nyingi hubeba mahali zilipopigwa ndani ya faili. Na kilichokwisha kuingizwa OpenStreetMap, hata ukikifuta, toleo lake la zamani hubaki kwenye historia ambayo yeyote anaweza kuifungua.

Wala ruhusa ya mwenyekiti wa mtaa si ridhaa ya mwenye nyumba. Sisi tulikuwa na barua yenye muhuri, tukaishika mkononi kama ngao, na mtu aliyeona muhuri aliogopa kukataa. Tuache tabia hiyo. Anayeogopa kukataa hajakubali.

Kijana wa Mwanza amenijibu kwamba safu ya simu itabaki kwa kuwa mfadhili ameiomba. Leo asubuhi nimemwandikia tena, nikimtaka amuulize mfadhili huyo atampigia nani, na kumwambia nini.