Mkia mweusi Uyole, mkia uliopauka Kyela

Swali: Shikamoo daktari. Nafuga sungura aina ya Californian hapa Uyole, wale weupe wenye weusi puani, masikioni, miguuni na mkiani. Watoto wanatoka na mikia tofauti: mingine myeusi tii, mingine ya kijivu, mingine myeusi juu na myeupe chini. Dume langu bora nilimpa kaka yangu wa Kyela, na sasa mkia wake umepauka kabisa. Nichague vipi wazazi ili wote watoke weusi?

Jibu: Marahaba. Nianze na huyo dume wa Kyela, kwa sababu hajaharibika. Weusi wa sungura hawa unatokana na kimeng'enya, yaani kichocheo cha mwilini kinachotengeneza rangi, kisichostahimili joto. Mgongoni na tumboni, mwili ulipo na joto, hakifanyi kazi na manyoya yanaota meupe. Kwenye ncha zinazopoa kinafanya kazi, na rangi inatoka. Hata mgongo ukinyolewa na kufungwa barafu, manyoya mapya huota meusi. Kyela ni bondeni kando ya Ziwa Nyasa, joto lake unalijua. Dume alipobadilisha manyoya kule, mapya yakaota mepesi. Akirudi kwenye baridi ya Uyole, atakapobadilisha tena ataiva upya. Watoto wake hawarithi kule kupauka.

Kwa hiyo usilinganishe mkia wa Uyole na wa Kyela, wala wa Julai na wa Novemba. Linganisha ndugu wa umri mmoja, banda moja, wakishavaa manyoya ya kikubwa, kuanzia miezi minne hivi. Na kitoto kikiota manyoya yenye ukungu wa kijivu mwili mzima, usikitupe: kiota kilipata baridi tu, na rangi hiyo itaondoka akibadilisha manyoya. Ongeza nyasi kavu kiotani.

Sasa mshike sungura, umgeuze mkia utazame chini yake. Watu wengi hutazama juu tu, na hapo ndipo wanapokosea kuchagua. Weupe wa chini unatoka kwenye kinasaba (chembe ya urithi) cha rangi ya sungura pori, na mara nyingi huingia kupitia sungura wa aina ya New Zealand mweupe, ambaye weupe wake unafunika kila kitu alichobeba. Uzuri wake ni kwamba kinasaba hiki kina nguvu: kwa sungura mwenye ncha zenye rangi, akiwa nacho utakiona. Pandisha wale tu wenye mkia mweusi juu na chini, na weupe huo utakwisha kwenye uzao mmoja.

Kijivu ni kigumu zaidi. Mkia ukibaki wa kijivu hata katikati ya baridi ya Juni na Julai, huku ndugu zake wa banda hilohilo wakiwa weusi, basi baba na mama wote wamebeba kinasaba cha kupunguza rangi, hata kama wao wenyewe ni weusi. Hapo kumwondoa mtoto peke yake hakusaidii, badilisha dume.

Watoto wakiota manyoya wakabaki weupe kabisa bila alama, hesabu ni hiyohiyo: wazazi wote wawili wamebeba kinasaba cha weupe mtupu. Macho hayatakusaidia, maana Californian naye ana macho mekundu. Kumpima dume, mpandishe kwa jike New Zealand mweupe. Akiwa amebeba weupe, karibu nusu ya watoto watatoka bila alama yoyote. Wakizaliwa wanane na wote wakaota ncha zenye rangi, bahati ya kudanganyika ni 1 kati ya 256. Ila watoto hao ni wa kuchinja, kwa kuwa kila mmoja ameshachukua weupe wa mama.

Weka daftari la baba, mama na tarehe, na usipandishe ndugu kwa ndugu uzao baada ya uzao. Na kama unauza nyama, pima uzito kwanza. Jike mwenye mkia wa kijivu anayelea watoto wanane mpaka waache kunyonya, mimi simwondoi bandani.