Maswali na majibu: Jua la Mombasa halizami baharini

Barua zimejaa, na kama kawaida nusu yake zauliza kamera gani ya kununua. Nimechagua zile zilizoleta habari za bahari na mbingu.

Mwalimu, kila Jumapili jioni huenda Bamburi kupiga picha za machweo. Mbona sipati lile jua jekundu likiingia majini? Nibadilishe lenzi? (Msomaji, Kisauni)

Lenzi yako haina kosa, ndugu yangu. Wewe umesimama mbele ya bahari iliyo mashariki ukingoja jua linalotua nyuma yako, bara. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, na linaniuma, kwa sababu anayeliuliza ni mtu wa Pwani. Zile picha ulizoziona zimepigwa kwingine, au zimepigwa hapahapa alfajiri zikaandikwa "machweo".

Jua la majini kwetu ni la asubuhi. Novemba huchomoza kabla kidogo ya saa 12, Julai karibu na saa 12:30. Tena mahali pa kuchomozea pahama: Juni ni kaskazini kidogo ya mashariki, Desemba ni kusini yake. Mtumbwi uliopatana na jua Juni, Desemba hautapatana nalo. Na uwahi. Tuko karibu na ikweta, jua hupanda wimawima, kwa hiyo ile nuru ya dhahabu haidumu hata nusu saa. Ukifika ufukweni jua limeshatoka, umechelewa. Uwe umesimama mahali pako nusu saa kabla, mbingu ikiwa bado ya buluu.

Ukitaka machweo, tafuta maji yanayotazama bara. Hori la Mtwapa laingia magharibi, nalo jioni hung'aa lote, lakini shuka ukingoni, usisimame darajani na matatu zapita. Au panda kilima cha Nguuni, jua litue nyuma ya mikoma.

Kamera gani nzuri kwa mandhari? (Wengi)

Uliyo nayo. Ukishapiga alfajiri 30 kwa hiyo na ukaweza kuniambia kwa maneno yako imekushinda wapi, niandikie tena.

Kusi, ule upepo wa katikati ya mwaka, likianza mimi huweka kamera kabatini mpaka lipite. Mbingu ni kijivu, mawimbi machafu, mwani umejaa ufukweni. Wewe hufanya nini miezi hiyo? (Msomaji, Likoni)

Mimi hufanya kazi yangu nzuri kuliko zote. Dada yangu, kaskazi, upepo wa miezi ya joto, hukupa mbingu tupu isiyo na wingu, na picha ya mbingu tupu ni kadi ya hoteli. Kusi huleta mawingu yenye uzito, mvua inayotembea juu ya maji, na dakika tano za jua kati ya manyunyu mawili. Hizo dakika tano ndizo tunazozililia.

Siku ya mawingu mazito, achana na bahari uende kwenye mikoko ya Tudor. Jua kali huikatakata mikoko kuwa vipande vya weusi na weupe ambavyo hakuna kamera ivimuduyo. Mawingu huilainisha nuru, ukaona kila mzizi. Majani yaliyolowa hung'aa kwa mwangaza wa mbingu na rangi yake ikafifia. Kichujio cha polaraiza, kile kioo kinachofungwa mbele ya lenzi, huondoa mng'ao huo, ukizungusha taratibu mpaka kijani kirudi. Kuta za matumbawe za Fort Jesus nazo zapendeza zaidi zikiwa zimenyeshewa.

Na upinde wa mvua, kwa kuwa nimeulizwa na wengine pia: hutokea upande wa pili wa jua, na jua lazima liwe chini. Kwetu, baada ya saa 3 na kitu asubuhi usisumbuke mpaka saa 9:30 alasiri. Asubuhi utauona bara, jioni utauona juu ya bahari. Kwa hiyo manyunyu ya saa 11 jioni yakipita na jua likatokea nyuma yako, usikimbilie nyumbani kuanika nguo. Kimbilia ufukweni.

Mwani nao si uchafu. Upige. Wenye hoteli ndio waliotufundisha kuuonea haya, na sasa twauona ufukwe wetu kwa macho ya mgeni.

Lenzi yangu ina ukungu. Nifanyeje? (Msomaji, Tudor)

Ukungu upi? Ipo miwili, nanyi mwaichanganya kila mara.

Kama ni ule wa mvuke, umetoa kamera kwenye chumba cha eyasii ukaipeleka kwenye joto la nje. Iache ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa kabla ya kuitoa, ipate joto polepole. Usipanguse na usifungue lenzi.

Kama ni ule unaoota, wenye nyuzi kama utando wa buibui ndani ya kioo, huo ni kuvu, na unyevu wetu ndio mbolea yake. Mpelekee fundi mapema. Kwa kinga, weka kamera kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Ukitoka baharini, pangusa mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Shati likigusa kioo chenye chumvi, umekikwaruza.

Droni kwenye bustani ya Mama Ngina, yaruhusiwa? (Msomaji, Ganjoni)

Bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, hapana. Na hapo mbele ni mlango wa bandari.

Nataka kumpiga mwanangu picha mwambani akiwa ameshika kiti cha pweza, maji yakipwa. Saa ngapi nuru ni nzuri? (Mama wa Nyali)

Mama, kiti cha pweza kiache majini. Kile ni kiumbe, hupumulia maji, na kila mwisho wa juma naona vikipitishwa mkono kwa mkono juani kwa ajili ya picha. Mwinamishe mtoto akitazame kilipo. Uso wa mtoto anayeshangaa ni picha bora kuliko mkono ulioshika.

Kuhusu saa: siku za bamvua, mwezi mpya au mpevu, maji hupwa sana kwenye saa 4 hadi saa 5 asubuhi, na jua hapo ni kali. Mpige kivuli chako kikimfunika, au jua likiwa nyuma yake. Lakini mtazame mtoto zaidi ya kamera. Maji yakianza kujaa hayaji kutoka mbele, hujaza kwanza bonde lililo kati yako na ufukwe. Muulize mvuvi wa hapo saa ya kugeuka, nawe uwe umeshaondoka kabla yake. Na viatu, mama, kwa sababu ya viumbe wenye miiba wa mwambani.

Mwezi mpevu ukitoka baharini hunitokea kama taa nyeupe, na bahari yote nyeusi. (Msomaji, Shanzu)

Nenda siku moja kabla ya upevu. Mwezi hutoka ukichelewa kiasi cha dakika 50 kila siku, kwa hiyo siku hiyo utakuwa umeshapanda kidogo jua likitua nyuma yako, na maji bado yana rangi. Kwa simu, bonyeza juu ya mwezi, shikilia, kisha shusha mwangaza mpaka uone madoa yake.